Betri Mpya, Rimoti Kimya

Jumanne, Handeni. Upepo na vumbi tangu alfajiri. Nimeanza siku na hasira, na hasira yenyewe inahusu kitu kidogo kuliko kiberiti: rimoti ya gari langu.

Jana jioni niliibadilisha betri, ile bapa kama sarafu, niliyoinunua sokoni. Asubuhi nabonyeza, mlango haufunguki. Nabonyeza tena. Hata kile kitaa chekundu hakiwaki.

Siku nyingine ningecheka. Leo Mama alikuwa ananingoja Vugiri nimpeleke hospitali Korogwe. Mtoto wa jicho ameshalifunika jicho la kulia, na la kushoto linafuata. Mara mbili alikubali kwenda, mara mbili akageuka, eti maharage yanataka palizi. Bodaboda hapandi kwenye ile miteremko. Nikichelewa anachukua jembe, na sijui kama angekubali tena.

Ndani ya rimoti mna ufunguo mwembamba wa chuma. Nikauchomoa, nikafungua mlango, nikakanyaga breki na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Mlio mmoja, basi. Kwenye dashibodi ukatokea mchoro mdogo na mstari wa maandishi ya Kijapani.

Mhina, mdogo wa mume wangu, akaja kusimama pembeni na kikombe chake cha chai.

"Wamekuuzia feki, shemeji," akasema. "Iandikie makala. Labda itawaka kwa aibu."

"Wewe ndiye uliyenishauri ninunue gari la kitufe."

"Mimi nilishauri gari. Ugomvi umekuja nao mwenyewe."

Nilikuwa tayari kwenda kumvaa muuza betri. Makala nilishaianza kichwani: jinsi soko huria lilivyofungua milango, kikaingia kila ambacho wenzetu wamekichoka, nasi tukakiita maendeleo. Ninayaamini hayo. Nimeyapigania magazetini, na hata kwenye misiba.

Lakini yale maandishi yalinishika. Kuna mwanamke wa Kijapani ndani ya gari hili ambaye hunisemesha kila nikiliwasha, nami humjibu "marahaba", watoto wanacheka. Handeni nzima tunaendesha magari yanayosema, na hakuna anayeuliza yanasema nini. Mimi ninayesoma hata karatasi iliyofungia vitumbua sikuwahi kuutazama mchoro ule sawasawa.

Nikautazama. Ni rimoti, imegusa duara.

Duara ni kitufe.

Nikaigusisha rimoti kwenye kitufe, mguu ukiwa kwenye breki. Ukalia mlio wa aina nyingine. Nikabonyeza, injini ikawaka. Mhina akajimwagia chai.

Njia nzima nilikuwa najiuliza. Kama rimoti imekufa, gari limeitambuaje? Lazima mna kitu ndani yake kisichohitaji betri, kinachosikika kikisogezwa karibu kabisa. Basi rimoti ni nzima. Basi kosa liko wapi?

Sikuthubutu kuzima injini Vugiri. Mama alikuwa kizingitini na kitenge chake cha safari, jembe limeegemea ukuta karibu naye. Nikamwamkia.

"Marahaba. Zima gari, unywe uji."

"Nikilizima huenda lisiwake, Mama. Leo lina woga."

"Basi tuko wawili," akasema, akapanda.

Hajawahi kuniambia hivyo. Siku zote ilikuwa maharage.

Alipoingia kupimwa, nilikaa kwenye benchi nikaipasua rimoti kwa ule ufunguo wa chuma. Nikaitoa betri, nikaigeuza kwenye mwanga. Juu yake kulikuwa na nailoni nyembamba, angavu, ambayo sikuibandua.

Sisi ni watu wa nailoni. Rimoti ya televisheni yetu imevikwa nailoni, makochi yangu ya sebuleni yana nailoni ya dukani hadi leo, na mgeni akikaa yanalalamika. Kitu kipya kwetu hakivuliwi. Na betri nayo nimeitia na nguo zake.

Nikaibandua, nikairudisha betri, nikabonyeza. Kitaa kikawaka.

Muuza betri hana kosa lolote. Soko huria bado nalidai majibu mengi, ila si hili.

Daktari amesema upasuaji uwe Alhamisi. Tulipofika nje Mama aliniuliza: kisu chenyewe kina ukubwa gani? Jicho litakuwa wazi, akione kinakuja? Wanashona na uzi? Zamani ningemjibu kwa hotuba. Leo nikamrudisha ndani, akayaulize mwenyewe. Daktari akamwonyesha kwenye ncha ya kidole chake jinsi tundu lilivyo dogo, akamwambia dawa ya ganzi italilaza jicho.

Mama akakishika kile kidole, akakisogeza karibu na jicho lake la kushoto, akakitazama kwa muda.

"Alhamisi, basi," akasema.

Sasa yuko chumba cha pili, hapa kwangu. Nimemsikia akimwambia Mhina kwamba jembe aliloliacha kule Vugiri lisiguswe na mtu. Ijumaa watamfungua bandeji. Sijui ataanza kutazama nini.