Walii Alikuwa Mlimani

Niigata, Japani
Jumapili, 11 Januari 2026

Kwa dada yangu Raya binti Abdulazizi,
Dunda, Bagamoyo.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, kifua kimetulia, na moshi wa mkaa haukusumbui tena. Mimi nala, nalala, nakwenda kazini, alhamdulillah. Baridi ndiyo inayotuonea. Leo theluji imefika madirishani, na jana tulishinda tukiyafukua magari ya yadi kwa majembe kama watu wa Kiwangwa wanaochimba mihogo. Nisalimie Ba mdogo Salumu, na wale vijana wa bodaboda wanaogombea mikate yako ya ufuta kila asubuhi. Waambie wakiniachia hata mmoja nitakaporudi nitashukuru.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika karatasi wakati simu ipo. Kwa simu ungenikatiza, dada. Ningefika nusu ya maneno ungekuwa umeshanisamehe, kama ulivyozoea tangu nikiwa mtoto, nami ningeshukuru nikanyamaza. Hii barua utaisoma mpaka mwisho ndipo useme. Nimempa Hamidu wa Lugoba, ninayefanya naye kazi hapa yadi, anakuja likizo wiki hii. Nimemwapisha akukabidhi wewe mkononi, asimpe Shufaa, maana binamu yetu huyo namjua, mtaa mzima ungeisoma kabla yako.

Nianze na jambo ambalo hujawahi kuniuliza: Jumapili zangu huwa nakwenda wapi. Huku kuna milima, na wenyeji wana mchezo wa kufunga mbao mbili ndefu miguuni na kuteremka juu ya theluji. Wanauita skii. Ukiniuliza mimi, ni kutafuta kuvunjika shingo kwa hiari. Lakini miaka thelathini nyuma vijana walikuwa wakija kwa mabasi kutoka Tokyo, na kila mlima ulijengewa hoteli yake, na viti vya kuning'inia kwenye waya vya kuwapandisha watu mpaka kileleni. Kisha fedha zikapungua, vijana wakapungua, theluji yenyewe ikaanza kuja kwa kusuasua. Hoteli zikafungwa moja baada ya nyingine. Nyingi hawakuzibomoa. Walifunga milango wakaenda zao.

Aliyenipeleka huko ni mzee mmoja anaitwa Ogata. Alileta gari lake yadi tulikate spea, akasimama akilipapasa kama mtu anayeaga, nikamwonea huruma nikampa chai. Kwa Kijapani changu cha kuokoteza nikafahamu kwamba aliendesha vile viti vya waya kwa miaka thelathini na moja. Hoteli yake imefungwa siku nyingi, lakini ufunguo bado anao, kijiji kimemwachia, na kila vuli hupanda kwenda kuitazama. Nikamwomba anichukue. Ana miaka sabini na nne na huniacha njiani nikihema. Kiunoni tunafunga kengele ili dubu watusikie mapema wakae mbali, basi tunapanda tukilia kama mbuzi wa Idi.

Ndani ya hoteli hizo, dada, hakuna kilichovunjwa. Hilo ndilo linalotisha. Viatu vya kukodisha vimepangwa kwa namba kwenye rafu, mamia. Funguo za vyumba zimetundikwa nyuma ya meza ya mapokezi. Jikoni kuna vikombe vilivyofudikizwa juu ya kitambaa vikauke, na kitambaa kimeoza, vikombe vipo. Nje nyasi zimefika kiunoni na miti imeota katikati ya nguzo za waya. Mzee Ogata hupita na kitambaa na kopo la grisi, akifika kileleni analipaka gurudumu kubwa lililokuwa likizungusha waya. Halizungushi kitu tena. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua, akasema mikono yake imezoea. Nimeshakwenda naye milima mitatu, na kila nikirudi nakaa siku mbili moyo wangu haupo mahali pake.

Sasa nije kwenye lile ulilolifahamu kwa namna moja, nami nalifahamu kwa namna nyingine.

Ilipofika ndoa yako, Ba mdogo alinipigia wiki nzima kabla. Alinieleza vizuri kwamba baba yetu hayupo, babu hayupo, mimi ndiye ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kwa hiyo mimi ndiye walii wako. Akaniomba nimpe wakala mapema, mbele ya Sheikh Mrisho, ili siku ikifika akuozeshe yeye bila wasiwasi. Nilikataa. Nilimwambia dada yangu ni mmoja, nitamuozesha kwa kinywa changu mwenyewe, mnipigie saa nne asubuhi ya huko, ambayo huku ni saa kumi jioni, niseme naye sheikh watu wasikie. Ba mdogo alifurahi. Alisema baba angejivuna.

Yaliyotokea siku ile nilisimuliwa na Shufaa. Kwamba watu wa bwana harusi walitoka Pangani alfajiri. Kwamba Abdulswamad alikaa kwenye mkeka na kanzu yake mpya tangu saa tatu, na simu yangu ikapigwa mpaka watu wakaanza kutazamana. Kwamba Sheikh Mrisho alisema hawezi kumruka kaka aliye hai, aliyesema naye juzi tu, na kama hapatikani basi suala lipelekwe kwa kadhi siku nyingine. Wazee wa Pangani wakainuka wakisema kama kaka hataki, aseme hataki. Ikaadhiniwa adhuhuri, halua ipo kwenye sinia haijaguswa. Abdulswamad peke yake ndiye aliyebaki, akamwambia Ba mdogo kwamba si vizuri kumsema mtu ambaye hajasikilizwa, huenda ana udhuru.

Na udhuru nikauleta. Kesho yake niliwaambia nilianguka kutoka juu ya lori yadi, nikapoteza fahamu, nikaamkia hospitali mguu umevunjika, saa ileile ya ndoa. Nilikutumia na picha, mguu umefungwa bandeji mpaka gotini. Ulilia kwenye simu mpaka ukashindwa kusema. Ukafunga siku saba. Ukachinja mbuzi, ukawaita watoto wa madrasa wanisomee Yasini. Hamidu alipotumwa huko na yadi mara ile ulimpa chupa ya mafuta ya karafuu na habasoda, uliyoyachemsha mwenyewe, aniletee.

Kisha, mwezi wa Disemba, Shufaa akanitumia ujumbe ambao nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Alisema Abdulswamad amerudi na wazee wake, wameshaambiwa habari za ajali, wameomba radhi kwa maneno yao na wanataka ndoa ifungwe kabla ya Ramadhani. Na wewe umekataa. Umesema uliswali istikhara kabla ya siku ile, ukamwomba Mungu akuonyeshe kama kuna heri, na Mungu akakuonyesha: saa ileile ya kuolewa, ndugu yako wa pekee akakaribia kufa. Umesema huwezi kujenga nyumba juu ya mguu wa mdogo wako. Umemwambia atafute mwingine. Naye amesema atakuja mara ya mwisho mwanzoni mwa Shaabani, kusikia jibu kutoka kinywani mwako.

Dada, mguu wangu haukuvunjika. Sikuanguka kutoka popote. Hospitali sijaingia tangu nije Japani, ila siku ya kupimwa nilipofika. Ile bandeji niliinunua dukani nikajifunga mwenyewe, nikanyanyua mguu juu ya mto, nikapiga picha, na Hamidu nikamwomba anifichie. Mafuta yako yalipofika nilijifungia chumbani nikaupaka mguu mzima usio na hata mkwaruzo, ili nikikuambia nimepaka isiwe uongo. Nililia siku ile kwa namna ambayo sijalia tangu mazishi ya mama, lakini sikukwambia ukweli. Unaona mdogo wako alivyo.

Siku ile nilikuwa mlimani na Mzee Ogata. Bondeni simu hazishiki, na nilishajiandalia hilo la kusema, kwamba nilikwenda matembezi nikachelewa kuteremka, mtandao ukanikatalia. Hata huo ungekuwa uongo. Kileleni mtandao unashika, kuna mnara mlima wa pili. Saa kumi ilipofika nilikuwa nimekaa kwenye kimoja cha vile viti, miguu inaning'inia, mzee anapaka grisi gurudumu lake, na simu ikalia. Ilikuwa ya Ba mdogo. Niliitazama. Ikakatika, ikalia tena. Ililia mara sita, na mara ya saba ilikuwa namba yako. Wewe bibi harusi, mikono ina hina, umetoka kwenye heshima ya chumba chako ukashika simu mwenyewe kumtafuta mdogo wako. Niliona jina lako linawaka mkononi mwangu mpaka likazimika. Kisha nikaizima simu. Mzee Ogata aliniuliza ni nani, nikamwambia mtu wa kazini.

Utauliza kwa nini, na una haki. Sina chuki na Abdulswamad. Ni mtu mwema, na siku aliyokaa kunitetea kwenye mkeka wa baba yangu, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti nikisikia simu inalia, alinizidi utu mara nyingi. Ningeweza kusema ni zile hoteli zilizoniingia moyoni, lakini nisizisingizie hoteli. Niliogopa, dada. Nilijiona narudi nyumbani, nashuka, naingia uchochoroni kwetu, mlango una kufuli na ufunguo uko kwa jirani. Mashuka yametandikwa, vikombe vimefudikizwa, na wewe uko Pangani unampakulia mtu mwingine. Nilitaka uwepo. Nilitaka nikirudi nikukute umekaa mlangoni na jiko lako kama nilivyokuacha. Ulinilea tangu nikiwa na miaka tisa, ukawarudisha wachumba wawili kwa ajili yangu, nikawa nawatania watu kwamba anayemtaka Raya anichukue na mimi. Watu walicheka. Mimi nadhani sikuwa natania.

Kwa hiyo nilikufanya wewe nyumba ya kurudia, nikakufunga humo. Kisha ukachukua uongo wangu ukaufanya jibu la Mungu, na mimi nikausikia ujumbe wa Shufaa na, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonipitia moyoni kilikuwa faraja. Cha pili ndicho kilichonikosesha usingizi mpaka leo. Sikuwa nimekudanganya wewe tu. Nilimsemea Mungu neno ambalo hakulisema.

Istikhara yako haijajibiwa na ajali yoyote. Iulize tena ukitaka, maana mimi nimejiondoa katikati. Kama humtaki Abdulswamad, mkatae kwa kuwa humtaki, nami nitasimama nawe. Lakini mguu wangu usiuweke kwenye mizani. Mwonyeshe barua hii na yeye pia, aya zote, asidhani wewe ndiye uliyekuwa na la kuficha. Ba mdogo mwambie nitampigia mwenyewe siku Hamidu akishafika. Nitapokea atakayonipa.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi hii. Najua ungenipa, na safari hii nataka uukalie kwanza, ukasirike, unitukane ukipenda, useme na majirani. Ukinyamaza mwezi mzima nitafahamu. Ukimridhia, nyumba ifungeni bila wasiwasi, ufunguo mwachieni Ba mdogo. Nikija nitaingia kama mtu mzima, nitafagia mwenyewe, kisha nitapanda basi nije Pangani kukusalimia kwa mumeo, kama wanavyofanya kaka wa watu.

Nisalimie wote wanaoniulizia, wadogo kwa wakubwa, na kwenye kaburi la mama nisomee Fatiha.

Wasalaam,
Mdogo wako aliyekukosea,
Muzammil bin Abdulazizi

Ukurasa huu mpe Sheikh Mrisho.

Mimi Muzammil bin Abdulazizi, nikiwa na akili zangu na uzima wangu, bila kulazimishwa na mtu, mbele ya Hamidu na imamu wa msikiti wetu hapa, waliotia saini zao chini, nimempa wakala baba yangu mdogo Salumu amuozeshe dada yangu Raya binti Abdulazizi kwa Abdulswamad wa Pangani, iwapo Raya mwenyewe ataridhia, kwa mahari atakayoitaja yeye, siku yoyote na saa yoyote atakayoichagua yeye. Simu yangu ipatikane au isipatikane, nimeshakubali.