Nilichomwambia Babu Melini

Genova, Jumatano

Mama,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na maharage yamepona au mvua imeyaozesha kama msimu uliopita? Mimi mzima. Shule inakwenda. Kiitaliano sasa hata ndoto naota nacho, ila darasani nikiulizwa swali bado naangalia meza mpaka mwalimu anachoka anamwita mwingine. Unanijua.

Barua hii anakuletea sista wa parokia ya Ndama anayerudi likizo. Nimemwomba aiweke mkononi mwako, si kwa Baba. Isome ukiwa jikoni peke yako. Kwenye simu nimeshindwa, maana mkipokea mnaweka sauti kubwa wote msikie, na Babu amekaa palepale.

Picha za meli mlishaziona. Uliniambia Isingiro nzima wamezipitisha mkono kwa mkono, wanasema mzee amezunguka dunia. Ni kweli tulizunguka. Sandro, mume wa Shangazi, alikuwa amestaafu, akasema kwa kuwa mkwe wake amekuja kututembelea, familia yote iende wiki moja baharini Mediterania. Picha ni za kweli, Mama, na kucheka kule ni kwa kweli. Ila kuna kitu hakikupigwa picha.

Nianze na kizuri kwanza, nipate nguvu. Ile kahawa ya kutafuna uliyomfungia Babu kwenye jani kavu la mgomba, siku ya kwanza tu aliingia nayo ukumbi wa chakula. Tulipokaa, akainuka. Akaenda meza ya jirani, akawapa punje kwa mikono miwili kama anavyowapokea wageni pale nyumbani. Halafu meza iliyofuata. Nikaambiwa nimfuate nieleze. Nilikuwa natamani sakafu ifunguke, huku naeleza kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia kwamba kwetu mgeni hupewa kahawa kwanza. Mzee mmoja wa Napoli akatafuna na maganda yake, akameza yote. Babu akanigeukia: “Kutwa wanakunywa kahawa, lakini hawaijui.” Kuanzia hapo wakawa wanamsalimia kila tukipita.

Siku ya nne, tumeshatoka Palermo, alikuwa anakunywa supu tu. Nilishamwona tangu Genova anatafuna nyama muda mrefu halafu anaitema kwenye karatasi na kuificha. Sikumwambia mtu. Siku hiyo Shangazi alikuwa anatapika kwa mawimbi, Sandro amebaki anamuuguza, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka Babu kwa daktari wa meli.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimgusagusa shingo na tumbo, akauliza amepata shida ya kumeza tangu lini. Babu akajibu, tangu mavuno ya kahawa. Yaani kabla hata hajapanda ndege. Daktari akaniuliza kama kuna mtu mzima wa kuja kumsikiliza. Nikasema hayupo. Akanitazama, kisha akasema polepole kwamba anaona dalili za uvimbe kwenye njia ya chakula, kwamba hospitali watathibitisha, lakini kwa alivyokonda tusitegemee mema, na mzee mwenyewe aambiwe, ana haki ya kujua. Alirudia hilo la haki mara mbili.

“Anasemaje, mke wangu?” Babu akaniuliza.

Nikamwambia kwa Kinyambo, “Anasema ni chakula cha huku, Babu. Kina mafuta mengi.”

Akacheka, akafunga vifungo vya shati.

Ningeishia hapo labda ningesamehewa. Lakini tukitoka, ameshika kile chuma cha kushikilia ukutani kwa sababu ya mawimbi, akaniambia kwamba alikuwa ameogopa. Alishapanga akirudi aite wazee wa ukoo, awasimamishe Baba na Baba Mdogo mbele yao, agawe kibanja, wapande miti ya mramula kwenye mpaka na amtaje mrithi. “Kumbe ni mafuta,” akasema. “Basi tusiharakishe. Nikigawa ningali hai watanitoa roho kwa maneno.”

Pale ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu. Nikabonyeza kitufe cha lifti.

Tuliporudi, hospitali wakathibitisha. Wakasema imechelewa hata kupasuliwa, ni miezi. Nilimsihi Shangazi amwambie. Akalia, akasema, “Mimi nimeolewa na mzungu. Nikimwambia baba yangu anakufa, watasema namkimbiza agawe shamba nimpe Sandro.” Babu akaomba kurudi nyumbani, tukamrudisha na zile dawa. Si za kiungulia kama mlivyoambiwa, Mama. Ni za maumivu.

Sasa nawahesabu mliopo hapo. Baba akisema, Baba Mdogo atasema anamchimbia mzee kaburi ili arithi. Baba Mdogo akisema, Baba atasema vilevile. Hawasalimiani tangu mmoja alipolima akapita migomba ya mwenzake, na mpaka hakuna anayeujua ila Babu. Wewe ni mkwe wake, hata maji ya kunawa unampelekea kwa mkono wa mtoto, utaanzaje kumtamkia kifo? Anayeweza kumwambia Babu lolote ni mjukuu. Mimi nilikuwa namwambia ni mume mzee, meno yameisha, nitamwacha, na yeye anacheka. Mdomo uliokuwa na ruhusa ni huu wangu, nao upo huku. Kuja siwezi. Kibali changu cha kukaa hakijatoka, na nikiondoka kabla hakijatoka, ndiyo basi.

Jumapili iliyopita aliniambia kwenye simu amepanda miche mipya ya kahawa nyuma ya nyumba. Baada ya miaka mitatu itazaa, nije nichume. Sauti yake imekuwa nyembamba. Nikamwambia, ndiyo Babu.

Naomba jambo moja. Jumapili baada ya ibada nitapiga. Zima ile sauti kubwa ya simu, mpe, mtoto amsindikize katikati ya migomba, kisha arudi. Maneno ninayo. Nimeyasema peke yangu bafuni kwa Kinyambo, yanatoka vizuri mpaka nifike kwenye jina lake. Nikikwama, nikaanza kumuuliza habari za mbuzi, usimtume mtu kuichukua simu. Niacheni ninyamaze. Huenda nikinyamaza sana atauliza mwenyewe.

Msalimie Baba, mwambie viatu vinanitosha. Msalimie Baba Mdogo pia, hata kama ni kupitia kwa mkewe. Kaka asiache shule kwa ajili ya pikipiki. Mdogo wangu mwambie picha ya samaki wa rangi namchorea.

Babu usimpe salamu zangu. Atauliza nimeandika nini.

Binti yako,
Asimwe