Kiti cha Loretta

"Ondoa gari lako! Kiti changu hukukiona?" Shoga, Loretta kamfokea jirani yake Chester leo mchana, mtaa mzima tukasikia!

Chester naye: "Barabara ya babako hii?"

Wewe unajua Pittsburgh ilivyo: aliyezoa theluji barabarani akaweka kiti, mahali pa kuegesha ni pake. Chester kakitupa kando, kaegesha!

Loretta akakiokota, akakikalia palepale kwenye theluji. "Nilizoa ili Ziggy asitembee. Tumetoka hospitali."

Ziggy mumewe yumo garini mwa Loretta, kichwa kimelala kwenye kioo.

Si unakumbuka saratani yake ya damu, madaktari wakamtoa wengu, kile kiungo cha tumboni kinachochuja damu? Vipimo vya damu vilionyesha seli T, wale askari wa mwili, zimejaa tele. Walitaka kuzichukua, wazifundishe kuipiga saratani. Leo daktari kasema wamezipima zile za kwenye wengu waliomtoa: zimechoka, hazipigani. Za kwenye damu nazo vilevile; tiba hiyo ndiyo basi.

"Seli zake zimejaa, Chester," akasema Loretta. "Zimejaa, na zimechoka!"

Chester akaondoa gari, akarudi kumshika Ziggy mkono, hatua kwa hatua mpaka mlangoni.

Loretta hakumtazama. "Ingia ule. Nimepika kabichi na tambi sufuria nzima, na Ziggy haonji tena."