Stika Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la wengi ni kudhani ramani inawauliza wanaishi wapi. Haiwaulizi hivyo. Hii iliyotundikwa ukumbini inaonyesha jiji litakavyokuwa miaka ishirini ijayo. Mpango wa zamani unafanyiwa marekebisho, nasi wakazi tumeitwa tutoe maoni. Stika ya kijani: nakubali kilichopangwa hapa. Nyekundu: sikubali. Maelezo yapo pembeni, kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Nimekwenda na dada yangu mdogo, mshonaji. Foleni ndefu, watu wamechangamka. Kila mmoja anatafuta nyumba yake — hii hapa, si hii ya kona? — anabandika kijani, anapiga picha. Dada naye kabandika kabla sijavaa miwani.

Nilipoivaa nikaona mistari miwili ya nukta imekata mtaa wetu katikati. Barabara mpya, njia nne. Cherehani ya dada iko njia ya pili.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimeeleza kwamba nukta ni kitu kilichopangwa, si kilichopo. Wamenielewa vizuri — mpaka nilipowaambia wakabandike nyekundu.

Fundi baiskeli kacheka. Eti Mwalimu, umetuchorea mikasi ya makosa kwa kalamu nyekundu utoto wetu wote, leo unataka tujichoree wenyewe? Mkewe hakucheka. Kauliza watu wa manispaa wakitaka kubomoa nyumba huweka nini ukutani.  Huweka X nyekundu, kila mtu anajua. Basi nani aende akajiwekee?

 Aliyechagua rangi hizi hajawahi kuamka akaikuta X kwenye ukuta wake.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisi ya mipango miji. Afisa ni binti mwenye adabu, kanivutia kiti. Kanipongeza! Mtaa wetu ndio unaoongoza kwa kuunga mkono barabara. Kanionyesha picha ya ramani: kijani tupu, kuanzia mwanzo wa nukta hadi mwisho.

Nikamweleza tangu mwanzo, polepole, kama darasa la jiografia. Kasikiliza mpaka mwisho. Kasema, "Nakuamini, mzee wangu. Lakini wakubwa hawatapelekewa maelezo yako, watapelekewa hesabu ya stika." Mwenye nyumba akitaka kubadilisha, aje mwenyewe. Mimi siruhusiwi kumbadilishia mtu. Ramani inashushwa Jumamosi saa kumi jioni.

Nimerudi kwa miguu ili hasira ipungue. Haikupungua. Wametuita tuseme, kisha wametupa lugha ambayo kwetu ina maana nyingine. Na huo ndio unaoitwa ushirikishwaji.

Jumamosi, 8 Machi

Niko barazani kwa dada tangu asubuhi. Anapinda sketi ya shule, hanitazami. Nimeeleza stika, nimeeleza nukta, nimeeleza hesabu ya afisa.

Kasema, "Kaka, ukuta huu kaujenga marehemu mume wangu kwa mikono yake. Mimi niende nikauwekee alama ya kubomolewa kwa mkono wangu? Wakija na tingatinga watasema mwenyewe aliomba."

Nikamwambia watasema hivyohivyo kwa hiyo kijani yake.

Cherehani ikasimama.

 Ng'ambo ya njia, fundi baiskeli anajifanya anajaza upepo gurudumu ambalo limejaa zamani. Kashaniambia: mshonaji akienda, na wao wataenda. Wa nyumba ya jirani nao wamesimama mlangoni, wanatutazama. Mtaa mzima unamngoja mwanamke mmoja, naye anakitazama kitambaa.

Saa nane imepita. Kwenda ukumbini ni mwendo wa saa nzima kwa miguu yake. Nimefundisha maisha yangu yote, na leo maelezo yamekuwa mengi kuliko muda. Nayaacha. Nitamwambia neno moja tu, naliandika hapa kwanza nisije nikaliongezea:

Vaa viatu, dada, twende ukabandike nyekundu juu ya nyumba yako.