Kava Jekundu na Mkungu wa Kemondo

Muleba,
Kagera.
17 Novemba, 2024

Mpendwa mdogo wangu Dastan,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hamjambo huko Sharjah? Joto limepungua? Evelyne na watoto wanaendeleaje? Na mgongo wako je, au bado unaubebesha injini za watu? Sisi kwa afya hatujambo. Mvua zinanyesha, na senene wameanza kuanguka, ingawa si wengi.

Umeniuliza mara nyingi kwenye simu kama kava la injini ya pikapu ulilotuma linafaa, na kama baba yetu, Tata, amekukasirikia. Meseji nilikuwa naziona, naziacha. Si kwa ubaya. Sikuwa na kitu ndani yangu cha kukujibu. Sasa Nasma, binti wa Mzee Jamali wa Bukoba mjini, anarudi huko Sharjah, nimeona nimpe barua.

Tata hajakukasirikia. Tangu ugonjwa wa mnyauko utuingilie na kibanja chote cha migomba kukatwa, haongei na mtu yeyote, usijione ni wewe peke yako. Hata mimi sijielewi. Siku ya kukata migomba nilidhani nitalia, lakini niliwapikia wakataji uji, nikaosha vikombe, nikalala. Sasa nikisimama uani naiona nyumba ya shangazi Edvina, ambayo zamani migomba iliificha. Naiangalia tu, kisha naingia ndani.

Kilichonitisha ni chakula. Unamjua Tata, tangu azaliwe hajanunua ndizi. Kwake, mwenye kibanja kununua mkungu ni aibu, ni sawa na kwenda kuomba. Mimi kila wiki nabeba mikungu ya watu kwenye pikapu kuipeleka sokoni Bukoba, naye hataki hata mmoja ulale uani kwetu. Nikinunua nikapika ndizi zetu za ebitoke, anasukuma sahani. Ugali anameza matonge mawili, anainuka. Mkanda ameutoboa tundu jipya. Nikajua asipoiona migomba yake tena, tutamzika kwenye ardhi tupu.

Miche safi ilikuwa inatusubiri upande wa Bukoba, na mvua haisubiri mtu. Ndipo pikapu nayo ikaleta yake.

Kava lako lilifika salama. Binamu yetu Mwijage alilifunga juu ya injini kwa furaha, jekundu, linang'aa, tukawa tunafungua boneti hata kwa watu wasiohusika. Oili iliacha kuvuja juu, kama ulivyoahidi. Lakini nikipanda kilima, moshi wa bluu unatoka nyuma, na nikipima, oili imepungua. Mwijage akagundua kuwa oili inapita kwenye mpira wa kupumulia, ule unaotoka kwenye kava kwenda kwenye njia ya hewa, inaingia kuungua. Dawa yake? Akauziba mpira kwa kigunzi cha mahindi. Moshi ukaisha. Tulimsifu mpaka kesho yake, sili ya kuzuia oili mbele ya krenki ilipoanza kutema oili chini.

Nikajikokota hadi Kibeta kwa fundi Zahoro. Alichomoa kigunzi, akakiinua juu gereji nzima ikione.

"Dada Klaudia, injini mmeiziba pua! Hii hewa chafu ya chini isipopata pa kutokea, inasukuma oili popote penye upenyo."

Kisha akaligeuza kava lako. Lile la zamani lina kibati ndani, chini ya tundu la mpira, kinachozuia oili inayorushwa isipande pamoja na hewa. Hili lako ndani ni tupu. Uzuri wote wameuweka nje. Usiumie, Zahoro anasema kava lenyewe ni imara. Alikata kibati akakifunga ndani, akabadilisha sili, na mpira akaupitisha kwanza kwenye kopo la kunasa oili. Sharti lake ni kwamba nikiwa safarini nisimame nilimwage kabla halijajaa.

Siku ya kufuata miche Tata alikubali tuende wote. Alikaa kando yangu, mikono magotini. Tulipakia machipukizi, tukaondoka.

Kurudi, tulipopita Kemondo kidogo, nilisimama nimwage kopo kwenye galoni. Pembeni mama mmoja alikuwa amepanga mikungu yake kwenye nyasi. Nikiwa nimeinamia injini, nikasikia mlango wa pikapu. Tata ameshuka. Akauzunguka mkungu mmoja, akabonyeza ndizi zake, akarudi kwangu na kuninong'oneza:

"Klaudia, mwanangu waitu, huwa mnaanzaje?"

Mdogo wangu, hakujua mtu anaanzaje kununua ndizi. Nikamwambia aulize bei, akitajiwa aombe apunguziwe. Akaenda. Alipotajiwa, akasema hapana, bei hiyo ni ndogo, mkungu huu umetunzwa vizuri, akataka kuongeza. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Migomba yangu ile pale nyuma ya gari," Tata akamwambia. "Mpaka izae, ni lazima nile kitu."

Nikarudi kwenye boneti nikalia. Miezi yote hiyo, kilio kikaja kunikuta nimeshika kopo la oili chafu, hata uso siwezi kujifuta.

Miche tumeipanda. Siku nyingi bado naamka sisikii chochote moyoni, sikufichi. Lakini Tata anapita kwenye mashimo yake asubuhi, anagombana na kuku, na mimi namsikiliza. Ukituma kava jingine, tafadhali lichungulie ndani kwanza.

Nasma anakuletea senene wa kukaanga, usiwamalize peke yako. Shangazi Edvina anawasalimu wote. Mwijage naye anakusalimu, na anaomba suala la kigunzi liishe humu humu. Mungu awalinde ugenini, na awarudishe siku moja mkiwa wazima.

Tata amesimama nyuma yangu, ameona nafunga barua. Anasema niongeze neno lake: "Mwambie Dastan, za kununua nazo zinalika."

Dada yako akupendaye,
Klaudia