Bibi Yako Alinikanyagia Breki

Ngamiani, Tanga
Jumapili, 12 Agosti 1956

Mwanangu Mwanaidi,

Leo kumekucha na mawingu, na kusi imevuma tangu alfajiri. Wewe hukuona baridi. Ulikuwa uani mapema, unawafukuza kuku waliojificha chini ya gari.

Huwezi kuyasoma haya bado. Nayaandika hivyo hivyo.

Gari letu ni kuukuu. Nililinunua kwa Mzungu wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao, na kabla ya hapo lilikaa miaka mingi Raskazone, kwenye nyumba inayotazama bahari. Chumvi imelila kwa chini. Juma lililopita nilikanyaga breki karibu na soko, pedeli ikazama mpaka sakafuni, nikaponea breki ya mkono. Nilipochungulia chini nikakuta bomba la breki la nyuma limetoboka kwa kutu, mafuta yanadondoka. Mabomba mengine nilipoyakwangua kwa kisu yalimeguka.

Imebidi niyabadilishe yote, maana kesho nawapeleka Mkwaja wewe na bibi yako. Pale Pangani kuna mteremko wa kuingilia kwenye pantoni. Gari lisiloshika breki linaishia mtoni.

Tangu mama yako afariki, mwezi wa Ramadhani, bibi yako mzaa mama amekaa nasi akikulea. Sasa anarudi kwao, na anataka kuondoka nawe. Hakuniambia mwenyewe. Alikutuma wewe: "Mwambie baba yako tutakwenda wote." Ukaja mbio kuniambia, umefurahi. Nami nikakujibu, "Mwambie bibi nimesikia."

Ndivyo tunavyoishi, mimi na yeye. Mkwe hatazamwi usoni wala mtu hapigi naye soga. Asubuhi namwamkia shikamoo nikiwa nje ya mlango, naye ananiitikia kutoka jikoni. Mengine yote hupitia kwako.

Lakini nililotaka kumwambia halikuwa la kumtuma mtoto.

Leo nimefungua mabomba ya zamani, nikayalaza uani, nikakunja mapya ya shaba kwa kuyafuatisha. Moja nililikunja vibaya likabonyea, nikaanza upya. Baada ya adhuhuri yote yalikuwa yamefungwa, ikabaki kutoa upepo uliomo ndani. Hiyo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedeli. Mwingine yuko chini ya gari, anafungua nati ndogo kwenye gurudumu ili mafuta yatoke na mapovu, kisha anaifunga kabla mguu haujaachia.

Zamani mama yako ndiye aliyenikanyagia. Alikuwa anavua makubadhi kwanza. Alisema mguu mtupu unasikia vizuri zaidi.

Jirani aliyeniahidi kuja alikwenda mazikoni. Wewe ulikuwa umelala. Nikachukua tofali, nikalibana juu ya pedeli kwa kijiti, nikaingia chini. Likaanguka. Nikatoka nikaliweka tena, likaanguka tena.

Nikasikia kicheko cha bibi yako dirishani.

"Baba Mwanaidi, hilo tofali ni kiziwi! Hebu niambie mimi la kufanya."

Nikarudi chini ya gari upesi, nikamweleza nikiwa huko huko. Akatoka, amejitanda kanga, akapanda akakaa penye usukani.

"Kanyaga, mama."

"Nimekanyaga. Mbona inazama kama tope?"

"Ndivyo inavyoanza. Usiachie."

"Siachii. Nawe usichelewe huko, mguu wenyewe wa kizee huu."

Tukamaliza gurudumu la kwanza, tukaingia la pili. Yeye haoni uso wangu, mimi sioni wake. Nikaona kama nina la kusema, pa kulisemea ni hapo.

"Mama, nina ombi."

"Sema. Huku juu sikuoni."

"Mwanaidi abaki."

Mguu hakuutoa.

"Nani atamsuka?" akasema. "Ukienda kazini, atashinda kwa nani?"

"Dada yangu atakuja kutoka Muheza."

"Dada yako ana watoto wake tele, na mume juu. Usinichekeshe."

Ni kweli. Nikamwambia aachie, nikahamia gurudumu jingine, tukaendelea na "kanyaga" na "achia".

Tulipofika gurudumu la mwisho akaanza yeye, kwa sauti ya chini.

"Nilikuja hapa kumuuguza mwanangu, nikamzika. Nikirudi nyumbani peke yangu nitakaa na nani? Mimi sikunyang'anyi mtoto, baba. Niazime tu, mpaka nizoee."

Nilikuwa na spana mkononi. Upepo ulikuwa bado umo. Ningeweza kuifunga ile nati, nikasema breki zimekataa. Safari ingesogezwa mbele, pengine isingekuwepo kabisa. Asingejua.

Mpaka hapo sikujua kwamba na yeye alikuwa anaomba.

"Kanyaga, mama," nikasema.

Hilo ndilo lilikuwa jibu langu. Nadhani alilielewa, kwa sababu alikanyaga papo hapo.

Mapovu yakapungua, yakawa moja moja, yakaisha. Mafuta yakatoka safi.

"Sasa imekuwa ngumu," akasema. "Inanisukuma mguu."

"Basi imekwisha. Ahsante, mama."

Akashuka. Nilibaki pale chini mpaka niliposikia mlango wa nyumba umefungwa.

Nimelijaribu gari mpaka karibu na reli. Linasimama pale unapotaka lisimame, tena bila kuvuta upande. Ni kazi nzuri, naweza kusema.

Jua linakaribia kuzama na nimekaa barazani. Nakusikia ndani unabishana na bibi yako, unataka kuondoka na sufuria lako la kuchezea. Mwache bibi ashinde moja moja.

Nikipata likizo nitakuja. Kabla ya hapo utakuwa umezoea watoto wa huko Mkwaja, na mengi ya nyumba hii yatakutoka. Si kosa lako, bado u mdogo. Lakini wakikuuliza baba yako ni nani, waambie ni Salehe, yuko Tanga.

Unikumbuke.

Baba yako