Wimbo wa Midomo Iliyofumbwa

Chumba cha cherehani,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili alasiri, mvua imetoka kunyesha.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie, zikukute mzima wewe, shemeji, na yule bosi wetu asiye na meno. Vipi miguu yako na hizo zamu za wodini? Baridi bado inawang'ata masikio? Bosi ameshatoa jino, au anaendelea kututisha kwa ufizi? Huku sisi tu wazima. Mama ni mzima, narudia, Mama ni mzima, na nimepiga mstari chini yake kwa sababu nakujua. Wifi yako mzima. Mimi usiniulize, nazidi kupendeza mpaka nashindwa kupita mbele ya kioo bila kusimama.

Utashangaa kwa nini naandika barua na juzi tu tulionana kwenye kompyuta. Ndugu yangu, pale hakuna maongezi. Kila nikifungua mdomo unaniwekea kidole, mtoto analala. Mimi dereva wa lori niliyebishana na maaskari wa mipaka yote hii nikapita, leo nanyamazishwa na mtu asiyeweza hata kukaa bila kuegemezwa. Basi barua hii inasafiri na kifurushi cha Mama, na humo utakuta blanketi. Isome Bosi akiwa macho, ucheke kwa sauti.

Tuanze na ile kompyuta. Unakumbuka siku ilipojizima yenyewe, ikawaka, ikazungusha kale kaduara kake na kutuambia inajisasisha, tuwe na subira. Ikaamka na sura mpya, rangi laini laini, kama bibi harusi ametoka saluni. Tukaisifia. Kumbe huko saluni walikuwa wameiziba masikio.

Tangu hapo sauti ya Mama ikawa inakufikia kama ya mtu aliye ndani ya kisima. Ukawa unamuuliza kama amekula, kama kifua kinambana, kama kuna kitu tunakuficha. Na ule wimbo wake ndio haukufika kabisa. Wewe unajua kazi ya ule wimbo. Kila alasiri ya kwetu, ambayo kwenu ni jioni, Mama huweka kompyuta kando ya cherehani, mwanga wa dirishani ukiwa wa rangi ya chai, akashona polepole huku anavuma midomo ikiwa imefumbwa, ule ule alioutumia kutulaza sisi sote. Na Bosi huko kwenu anafumba macho. Mtoto huyo Mama hajawahi kumshika hata kidole. Ule wimbo ndio mikono yake.

Sasa ikawa Mama anavuma, Bosi anatazama kwenye kioo, anaona bibi kafumba mdomo, hasikii kitu, anageuza shingo na kuanza kulia. Siku ya kwanza tukasema ni tumbo. Siku zilizofuata visingizio vikatuishia.

Halafu Mama akaifunga kompyuta, akaifunika kitambaa cha meza, na juu yake akaweka bakuli la vifungo. Hii hukuiona. Akasema taratibu, bila kuniangalia, "Mtoto amenisahau. Msimlazimishe." Akarudi kutia uzi kwenye sindano, yeye anayeutia macho yakiwa kwingine kabisa, na uzi ukawa unapita pembeni tu.

Mdogo wangu, shule niliiacha mapema na walimu wakapumua, lakini gari likikohoa najua ni pafu gani. Nikajiambia kompyuta ni gari lililokosa matairi. Nikaondoa bakuli, nikaanza kazi.

Kwanza nilisogeza mdomo mpaka nikagusa spika, nikahutubia. Wifi yako akaniambia hapo ndipo inaposemea, si inaposikilia, ni sawa na kumnong'oneza mtu mdomoni. Nikatafuta, nikakiona kipaza sauti chenyewe, katundu kadogo kama alama ya nukta pale juu ya kioo, karibu na kamera. Nikachukua sindano ya Mama nizibue. Wifi yako akanidaka mkono, akaniuliza kama na masikio yangu huwa nayasafisha hivyo. Nikampigia fundi wa kompyuta nikitegemea ataniunga mkono kama mwanamume mwenzangu, naye akasema yale yale ya wifi yako, ila kwa ukali zaidi. Akanielekeza niingie kwenye mipangilio, upande wa sauti. Kweli bwana, kule kujisasisha kulikuwa kumeshusha sauti ya kipaza mpaka karibu na chini kabisa. Nikaisukuma mpaka mwisho. Nikatembea sebuleni kifua mbele kama niliyezaa mapacha.

Tukakupigia. Salamu za Mama ukazisikia vizuri, ukafurahi. Kisha akavuma. Bosi akageuza shingo. Mama alinyanyuka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Kesho yake nikaamua kuijaribu peke yangu. Nikaiweka irekodi, nikasema, "Hallo, hallo, hapa ni dereva hodari," halafu nikaegemea kochi nisubiri kidogo. Unakijua chumba hiki saa kama hizo. Mvua juu ya bati, cherehani inakwenda na kusimama, harufu ya kitambaa kilichotoka kupigwa pasi, na Mama yuko kwenye wimbo wake, anajivumia mwenyewe tu. Nikaanza kuona barabara ndefu nyeupe na mimi naendesha lori limejaa pamba, halina hata uzito. Nikazama.

Nilipoamka nikafungua nisikilize. Sauti yangu safi kama ya msoma habari. Baada yake, kimya. Kimya cha benki siku ya sikukuu. Nikamwita wifi yako haraka, nikamwambia miaka yote umenichafulia jina, haya, chombo kilikuwa hapa muda wote na kinasema sikoromi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akasema, "Ulikoroma mpaka vifungo vikacheza kwenye bakuli. Na hebu niambie, mvua iko wapi humo? Cherehani je?"

Tukasikiliza tena, vichwa vimegusana. Hakuna mvua. Hakuna cherehani. Hakuna wimbo. Ila kuna mahali Mama aliuliza mkasi wake tumeuweka wapi, na swali hilo limo zima, kila neno.

Nikaanza kuelewa polepole, kama mtu aliye ndotoni na anajua yuko ndotoni. Kompyuta haikuwa kiziwi. Ilikuwa imefundishwa usafi. Inabakiza maneno, na kila kinachovuma bila maneno, feni, mvua, injini, mkoromo wa watu wengine, inakiona ni uchafu na kukifagia. Ikamfagia Mama yetu pamoja na mvua.

Fundi alipoisikia hiyo akacheka, akanielekeza ndani ya mipangilio mahali palipoandikwa kuondoa kelele. Nikapazima kwa kidole hiki hiki kinachoandika. Nikamwendea Mama, nikamwambia, "Mtoto hajakusahau. Hajakusikia tu."

Akataka kujua kama hiyo ni kweli au ni zile hadithi zangu za mipakani. Nikamwambia avume, halafu anihukumu.

Siku ile kila kitu kilikufikia kwa mkupuo, mvua, cherehani, na nyundo ya jirani yetu seremala. Mama alivuma ameinamia kitambaa, anaogopa kutazama. Mimi ndiye niliyemtazama Bosi kwa niaba yake. Alikuwa katikati ya kilio. Kikasimama njiani, mdomo ukiwa wazi. Akatafuta kwa macho kwenye dari, akatafuta ukutani, akaja kwenye kioo, akabaki hapo. Kope zikaanza kuwa nzito. Na wewe ulijifuta uso kwa mkono wa sare, usikatae, nilikuona.

Mpaka hapo unajua. Sasa nikwambie usichokijua, ndiyo sababu hasa ya barua hii. Bosi alipolala uliweka kichwa kando yake, ukasema unajinyoosha kidogo tu, usingizi ukakuchukua. Viatu vya kazi miguuni. Nikanyoosha mkono nikate simu, maana tumezoea. Mama akanishika mkono huku wimbo unaendelea, akausitisha kidogo tu, pa kupitisha maneno.

"Usizime. Huyu mkubwa ndiye hajabembelezwa siku nyingi."

Basi tukakaa. Alishona pindo lote la hilo blanketi akikuvumia wewe, mpaka mwanga wa dirishani ukaisha na nyuso zenu zikabaki ndizo taa ya chumba. Mimi nadhani nilifumba macho kidogo. Wifi yako anadai nilikoroma, na kwamba wewe, huko ulipo, ulijigeuza na kutabasamu usingizini, kama tulipokuwa tunalala chumba kimoja ukisema ukikosa mkoromo wangu unaona giza limezidi. Mimi siyakubali hayo. Lakini kama ni kweli, basi nilikukoromea kwa moyo wote.

Blanketi likifika, pitisha kidole kwenye pindo. Utaona mahali mshono ulipopinda, Mama alikuwa anakutazama badala ya kutazama sindano. Nilitaka afumue arekebishe, akakataa.

Msalimie sana shemeji, mwambie viatu alivyoniahidi mguu wangu haujabadilika namba. Bosi mbusu kila shavu. Wifi yako anakusalimu na kusema usiniamini. Seremala anauliza kama nyundo yake haimsumbui mtoto, nimemwambia inamsaidia kuhesabu. Mama hana salamu ya kuandika, amesema ataivuma mwenyewe leo, na kompyuta ameshaifungua na kuiweka kando ya cherehani.

Mungu awape usingizi mzito na kuamka kwepesi.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kuliko ninavyojipenda, nawe unajua hiyo si kidogo,

Dereva Hodari, asiyekoroma.